Je, wajua kwa nini glioma (uvimbe wa ubongo) mbili zinazofanana hupewa majina tofauti?

Nenda soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, umwombe mchuuzi akutajie samaki walio kwenye beseni. Sangara na sato atawataja papo hapo. Wale wadogo wadogo atawaita furu, basi, ingawa Ziwa Victoria lina mamia ya aina za furu na wataalamu huwakagua hadi meno ndipo wawatenganishe. Neno glioma nalo ni hivyo hivyo: ni jina la ukoo mzima wa uvimbe unaotokana na seli za glia, zile zinazozishikilia na kuzihudumia seli za neva kwenye ubongo.

Mwaka 1926 Bailey na Cushing, huko Marekani, walizipanga glioma kwa sura ya seli chini ya hadubini. Mtindo huo ulidumu miaka 90, na kasoro yake ilijulikana: wapatholojia (madaktari wanaochunguza vipande vya nyama maabara) wawili wangeweza kutazama slaidi moja wakatoka na majina mawili. Toleo la 2016 la mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuupa uvimbe majina likaingiza jeni ndani ya jina lenyewe, na lile la 2021 likakaza zaidi.

Swali la kwanza ni la ukingo. Astrosaitoma ya pilositiki, inayowapata watoto zaidi, ni ya daraja la 1 (madaraja ya ukali huenda hadi 4) na huwa na mpaka, kama mwamba wa Bismarck, ule wa ziwani Mwanza, unavyojitenga na maji. Ikitolewa yote, mara nyingi kazi imekwisha. Glioma nyingi za watu wazima ni kama gugumaji lililoingia kwenye matete. Fungu unaloliona utaling'oa, vipande vinabaki katikati ya mimea mizima.

Kwa hizi zinazosambaa, watu wazima wana majina matatu tu, na kinachoamua ni jeni ya IDH. Maabara huanza na kingamwili inayonasa badiliko liitwalo R132H. Seli zenye badiliko hilo hugeuka kahawia. Kipimo hiki hunasa takriban asilimia 90 ya mabadiliko ya IDH kwenye glioma, kwa hiyo "hasi" haimalizi mjadala. Mgonjwa akiwa chini ya miaka 55, jeni zisomwe zenyewe. Zikisomwa na IDH ikakutwa haijabadilika, kwa mtu mzima mpatholojia huitafuta glioblastoma, ambayo daima ni daraja la 4.

IDH ikiwa imebadilika, hutazamwa kromosomu. Mkono mfupi wa kromosomu 1 na mkono mrefu wa kromosomu 19 vikiwa vimepotea vyote viwili, tena mikono mizima, hiyo ni oligodendroglioma, daraja la 2 au 3. Visipopotea, ni astrosaitoma, daraja la 2, 3 au 4. Astrosaitoma ikipoteza nakala zote mbili za jeni ya CDKN2A huhesabiwa daraja la 4 hata kama chini ya hadubini imetulia. Ndiyo maana faili la kabla ya 2021 linaweza kusema "glioblastoma yenye IDH iliyobadilika", na leo uvimbe ule ule ukaitwa astrosaitoma daraja la 4. Ugonjwa haukubadilika, jina ndilo lililohama.

Sura nayo hudanganya. Oligodendroglioma husifika kwa seli kama yai la kukaanga: kiini cha duara katikati, uwazi ukikizunguka. Uwazi huo hutokana na fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama iliyokatwa, na uandaaji wa kipande. Kwenye kipande kilichogandishwa wakati wa upasuaji huuoni.

Hapo ndipo chupa ya sampuli inapokuwa na uzito kuliko watu wanavyodhani. Fomalini iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa isiwe na asidi, ujazo wake angalau mara 10 ya kipande, na kipande kikae humo kati ya saa 6 na 72. Fomalini yenye asidi hukatakata DNA, na vipimo vya jeni vikafeli. Kuna alama ya kukagua: katika kipimo cha ATRX, protini nyingine inayotafutwa kwa rangi, viini vya seli za uvimbe vinaweza kukosa rangi, lakini vya mishipa ya damu lazima viwe nayo. Mishipa nayo ikikosa rangi, kipimo kimeharibika. Usisome jibu hilo. Kosa jingine ni kuchukua nyama pembezoni mwa uvimbe, ikasomwa daraja la 2 wakati katikati kuna nyama iliyokufa ya daraja la 4. Ndiyo maana ripoti husomwa pamoja na picha ya MRI.

Ukiona herufi NOS mwishoni mwa jina, vipimo vya jeni havikufanyika au havikukamilika. NEC ni tofauti: vilifanyika, ila majibu hayaingii kwenye jina lolote. Kwa NOS bado kuna njia, kwa kuwa kipande hubaki maabara ndani ya kitofali cha nta na kinaweza kukatwa tena baadaye. Namba ya kitofali huwa kwenye ripoti. Mgonjwa anayehamia hospitali nyingine aende nayo.