Kipaumbele cha sauti kwenye ruta hakiongezi spidi

Ofisi nyingi mjini Tanga, za mawakala wa forodha karibu na bandari kama za hoteli za Raskazone, zinaweza kutumia simu za intaneti. Sauti ikianza kukatika, ombi huwa lilelile: "Fundi, tuwekee kipaumbele, mtandao uende kasi." Hapana. Kipaumbele ni kanuni inayoiambia ruta itangulize pakiti zipi (vipande vidogo vya data) pale zinapokuwa nyingi. Spidi haiongezeki hata biti moja.

Wala simu haidai spidi kubwa. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, simu moja hutuma pakiti 50 kwa sekunde, takriban kilobiti 87 kila upande kwenye Etheneti. Simu 10 hazifikishi megabiti 1. Kinachoiharibu sauti ni kusubiri nyuma ya nyaraka zinazopakiwa na picha za kamera za ulinzi.

Na hapa hata mafundi wazuri huteleza: kipaumbele hufanya kazi mahali foleni ilipo, si penginepo. Tuseme laini yako inatuma megabiti 5 kwa sekunde, na kebo kati ya ruta na modemu inapitisha 100. Ruta haioni msongamano wowote, inamwaga kila kitu, na foleni inajengeka ndani ya modemu isiyotofautisha sauti na picha. Kilobaiti 250 zikirundikana humo, sauti inasubiri milisekunde 400. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri safari nzima ya upande mmoja isizidi 150.

Basi pima kwanza spidi halisi ya kutuma, tena saa za kazi, kisha bana ruta itume chini ya hapo kwa asilimia 10 hivi: megabiti 4.5. Foleni itahamia kwenye ruta, na kanuni yako ndipo itakapopata kazi.

Ndipo uje kwenye alama zinazobandikwa kwenye pakiti. Sauti hupewa DSCP 46 (namba ya daraja la pakiti), lakini alama isiyo na foleni ya kuisoma ni namba tu. Usiishie kwenye poti 5060 pia (poti hapa ni namba ya mlango wa data, si tundu la kebo). Hiyo kwa kawaida hubeba SIP, yaani kuita na kukata simu. Sauti yenyewe hupita kwa RTP, kwenye poti za UDP zilizoandikwa katika mipangilio ya mtambo wako wa simu.

Kwa hiyo ombi sahihi kwa fundi ni hili: "Bana spidi ya kutuma, kisha tanguliza sauti." Na kama sauti inakatika hata wakati hakuna mwingine anayetumia mtandao, hakuna foleni ya kupanga hapo, akague Wi-Fi, kebo, na laini ya mtoa huduma.