Je, Wajua Kwa Nini Makao Makuu ya Kwanza ya Illinois Yako Ng'ambo ya Mto?

Kwenye ramani ya Marekani, mto Mississippi ndio mpaka kati ya jimbo la Illinois, lililo mashariki, na jimbo la Missouri, lililo magharibi. Fuata mpaka huo kwa kidole kuelekea kusini kutoka jiji la St. Louis. Baada ya kama kilomita 100 utakuta jambo la kushangaza: kipande cha Illinois kimekaa ng'ambo, upande wa Missouri, na mto mzima unapita mashariki yake. Kwenye kipande hicho kuna kijiji kinachoitwa Kaskaskia. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 21. Kukifikia kwa gari ni lazima upitie Missouri, na hata msimbo wake wa posta ni wa Missouri, ingawa wakazi wake wanapiga kura Illinois. Na mwaka 1818, Illinois ilipopewa hadhi ya jimbo, hapa ndipo palikuwa makao yake makuu.

Jibu fupi ni kwamba mto ulihama. Lakini mto haukuhama bila sababu, na sehemu ya sababu hizo ni biashara ileile iliyoukuza mji.

Kaskaskia ilianza mwaka 1703. Kabila la Wakaskaskia, mojawapo ya makabila ya jamii ya Illinois, lilikuja kutoka kaskazini pamoja na mapadre wa Kijesuiti na wachuuzi wachache wa Kifaransa waliotokea Kanada. Walichagua ulimi wa ardhi tambarare uliobanwa kati ya mito miwili: Mississippi upande wa magharibi na mto mdogo, ambao nao ukaitwa Kaskaskia, upande wa mashariki. Makazi yenyewe yalikuwa kando ya mto mdogo. Ulikuwa uamuzi wa busara. Maji yake yalikuwa matulivu, mitumbwi ilitia nanga bila shida, na mto mkubwa haukuwa mbali.

Wachuuzi wale waliishi kwa ngozi na manyoya ya wanyama, na wengi wao wakaoa wanawake wa kabila. Anayejulikana zaidi kati ya wanawake hao ni Marie Rouensa, binti wa chifu, aliyebatizwa na kuolewa na Mfaransa mwaka 1694, kabla hata watu wake hawajahamia huku. Alipofariki mwaka 1725 alikuwa miongoni mwa matajiri wa mji, mwenye nyumba, maghala, mashamba na mifugo. Wosia wake aliutoa kwa lugha yake ya Kiillinois, ukaandikwa kwa Kifaransa, na alizikwa ndani ya kanisa la parokia. Kwangu mimi, maisha yake yanaonyesha vizuri kuliko tarehe yoyote jinsi mji huu ulivyoanza: nyumba za mchanganyiko, lugha mbili au tatu uani, na mwanamke wa kienyeji akishika hati za mali.

Kilichougeuza mji kutoka kituo cha manyoya kuwa kijiji cha wakulima ni udongo. Kila mto ulipofurika uliacha tope jeusi lenye rutuba, na ngano ilistawi humo. Kule chini, New Orleans, hali ya joto na unyevu haikuifaa ngano hata kidogo, na watu walitaka mkate. Basi Kaskaskia ikawa ghala la Louisiana, koloni la Ufaransa. Mashamba yaligawanywa kwa vipande virefu vyembamba ili kila familia ipate sehemu yake ya udongo mzuri, uzio mmoja ukazunguka mashamba yote kuzuia mifugo, na nyumba zikajengwa pamoja kijijini. Unga, nyama ya nguruwe na ngozi vilipakiwa kwenye mashua na kuteremshwa na mkondo kwa wiki chache. Kurudi ilikuwa kazi nyingine: kupiga makasia na kuvuta mashua kwa kamba dhidi ya maji, miezi mitatu hata minne.

Nguvu za kazi hiyo zilikuwa za nani? Kwa sehemu kubwa, za Waafrika. Katikati ya karne ya 18, karibu theluthi moja ya wakazi wa vijiji vya Kifaransa vya eneo hili walikuwa Waafrika na watoto wao waliofanywa watumwa, na pembeni yao walikuwapo watumwa wa makabila ya kienyeji. Huyo Marie Rouensa naye aliacha watumwa katika urithi wake. Ngano iliyolisha New Orleans ilivunwa kwa mikono yao, na mashua zilizoipeleka zilisukumwa kwa mikono hiyohiyo. Watu wengi hudhani Illinois ilikuwa nchi huru tangu mwanzo, kwa sababu sheria ya mwaka 1787 ilipiga marufuku utumwa kaskazini mwa mto Ohio. Lakini watumwa wa Wafaransa waliendelea kushikiliwa kwa kisingizio kwamba walikuwapo kabla ya sheria hiyo, na mahakama ya juu ya Illinois haikuwatangaza wazao wa watumwa hao kuwa huru hadi mwaka 1845. Historia ya ukuaji wa mji huu isiyowataja watu hao haijakamilika.

Bendera zilibadilika haraka. Mwaka 1763 Ufaransa iliwaachia Waingereza karibu nchi yote iliyo mashariki ya Mississippi, na familia nyingi za Kifaransa zikavuka mto kwenda Ste. Genevieve na baadaye St. Louis, mji uliokuwa ndiyo kwanza unaanzishwa. Usiku wa tarehe 4 Julai 1778, George Rogers Clark, kamanda kutoka Virginia katika vita vya Wamarekani vya kudai uhuru kutoka kwa Waingereza, aliingia Kaskaskia na wanaume wapatao 175, akauteka bila risasi kufyatuliwa. Kengele ya kanisa, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1741 na kuletwa kama zawadi ya Mfalme Louis XV, inasemekana ililia kushangilia. Mwaka 1809 mji ukawa makao makuu ya Eneo la Illinois, ambalo lilikuwa bado si jimbo. Agosti 1818 wajumbe walikutana hapa kuandika katiba ya kwanza ya jimbo, na walimtaka sana mfanyabiashara wa mji huo, Pierre Menard, awe naibu gavana, ila hakuwa ametimiza muda wa uraia uliotakiwa. Wakalegeza sharti, akachaguliwa. Nyumba yake ingalipo, chini ya kilima upande wa mashariki wa mto.

Heshima ya makao makuu haikudumu. Mwaka 1820 serikali ilihamia Vandalia, ndani zaidi ya nchi, kuwafuata walowezi wapya. Mji ungeweza kuishi hata hivyo, kwa kuwa biashara ya mto ndiyo kwanza ilikuwa inapamba moto.

Mwaka 1817 meli ya kwanza ya mvuke ilifika St. Louis. Miaka michache tu baadaye, safari ya kupanda mto iliyokuwa ikila miezi ilichukua siku. Meli hizo zilichoma kuni, na meli kubwa ilimaliza makumi ya mita za ujazo kwa siku moja. Kuni zilitoka wapi? Kando ya mto palepale, mahali rahisi kukata na kupakia. Wakataji walipanga marundo ukingoni, meli zikasimama kununua, na kadiri meli zilivyoongezeka ndivyo msitu wa kingo ulivyozidi kufyekwa.

Ukingo wa Mississippi ni tope na mchanga, hauna mwamba. Kinachoushika ni mizizi. Miti ilipoondoka, kila mafuriko yalibomoa kipande, mto ukazidi kuwa mpana na wa kina kifupi, na mikondo yake ikaanza kula upande huu na kutapika upande ule. Si kwamba mto haukuwahi kuhama zamani; mito ya tambarare huhama daima, na mafuriko makubwa ya mwaka 1785 yalitokea kabla ya meli yoyote ya mvuke. Lakini wataalamu wa mambo ya kale waliotafuta vijiji vya Wafaransa vya bonde hili, na kukuta vingi vimemezwa na maji, wanaona kwamba ukataji wa kuni uliharakisha mno mmomonyoko huo.

Mafuriko ya mwaka 1844 yaliharibu sehemu kubwa ya Kaskaskia. Mwaka 1848 ofisi za kaunti zikahamishiwa Chester, mji ulio juu ya kilima. Wakati huohuo Mississippi ilikuwa inakula ardhi kaskazini mwa mji, mahali ambapo kipande chembamba tu kiliutenganisha na mto mdogo. Aprili 1881, maji ya mafuriko yalikivunja kipande hicho. Mississippi ikaingia katika mkondo wa mto Kaskaskia na kuuchukua wote, kilomita 16 za mwisho, ikaacha njia yake ya zamani upande wa magharibi.

Sasa fikiria: mto mkubwa kuliko yote ya nchi umeingia kwenye njia ya kijito, kama mtu mzima anayejilaza kwenye kitanda cha mtoto. Ulihitaji nafasi, na ukaipata kwa kubomoa kingo. Mji wa kale ulikuwa juu ya ukingo huohuo. Mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, uliporomoka kwa miaka iliyofuata. Miaka ya 1890 watu waliwahi makaburi: mabaki ya maelfu ya marehemu yalifukuliwa na kuzikwa upya juu ya kilima ng'ambo. Kanisa nalo likahamishiwa kijiji kipya kusini zaidi, ndicho kilichopo leo.

Na mpaka? Hapo sheria ina jibu lake. Mto ukihama polepole, chembe kwa chembe, mpaka huhama nao. Mto ukiruka ghafla kwenye njia mpya, mpaka hubaki kwenye mkondo wa zamani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitumia kanuni hiyo mwaka 1892 katika kesi ya Nebraska dhidi ya Iowa, baada ya mto Missouri kukata kona mwaka 1877. Ndiyo maana mji wa Carter Lake, wa Iowa, uko upande wa Nebraska hadi leo. Kwa Kaskaskia ni vivyo hivyo. Mpaka unafuata bonde la mkondo wa zamani, ambalo leo ni maji ya kinamasi yenye daraja dogo la barabara inayotoka St. Mary, Missouri.

Julai 1993 mto ulirudi. Tuta la kuzuia maji lilipasuka, na kipande kizima cha Kaskaskia kikafunikwa na maji yenye kina cha karibu mita tatu. Kijiji cha Valmeyer, kilicho kaskazini zaidi kando ya mto, katika jimbo hilohilo la Illinois, nacho kilizama mwaka huo, na wakazi wake waliamua kuhamisha mji mzima kwenda juu ya kilima. Kaskaskia haikuhama. Tuta lilijengwa upya, kanisa likakarabatiwa, kengele ya mwaka 1741 bado iko katika kibanda chake cha matofali, na mashamba yanayokizunguka kijiji yanalimwa mahindi na soya, kwa kuwa udongo ule ulioachwa na mafuriko ni miongoni mwa udongo bora wa bonde hilo.