Nyumba Isiyouzwa: Vienna Inavyopangisha Wakazi Wake

Mpangaji wa Dar es Salaam anaijua hesabu hii: kodi ya miezi sita kwa mpigo, hela ya dalali juu yake, na mkataba ukikaribia kwisha mwenye nyumba anapiga simu kusema bei imepanda. Sisi wa mipango miji tunaulizwa kila mara kama halmashauri inaweza kumpunguzia mtu huyu mzigo. Inaweza. Mfano ninaourudia siku zote ni Vienna, mji mkuu wa Austria, kwa sababu jiji lile lilianza kazi hii likiwa na njaa.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mfanyakazi wa Vienna aliishi pabaya. Bomba la maji lilikuwa nje kwenye korido, la kuchangia na majirani, na choo vivyo hivyo. Wapo waliokodi kitanda tu: mmoja anaamka kwenda kazini, mwingine anarudi toka zamu ya usiku na kujilaza palepale pangali na joto. Vita vikaisha 1918, himaya ya Austria-Hungaria ikasambaratika, fedha ikakosa thamani. Mwaka 1923 jiji, likiongozwa kwenye masuala ya fedha na Hugo Breitner, likaanzisha ushuru wa nyumba uliopanda kadiri nyumba ilivyokuwa ya kifahari. Majumba ya matajiri, chini ya asilimia 1 ya nyumba zote, yalitoa karibu nusu ya makusanyo. Fedha ile ilitengwa kwa ujenzi, na kufikia 1934 jiji lilikuwa limejenga fleti zaidi ya 60,000.

Kwenye kuta za majengo yale bado unasoma, kwa herufi kubwa, kwamba jengo limejengwa na jiji kwa fedha za ushuru wa nyumba, na miaka ya ujenzi imeandikwa. Mlipa ushuru anaiona hela yake akiwa barabarani. Maarufu kuliko yote ni Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa 1930: urefu wake unapita kilomita moja, na lina fleti 1,382. Hata hivyo kuta zake zilichukua chini ya robo ya kiwanja. Kwingine kote ni bustani na sehemu za watoto kucheza. Palikuwa na mahali pa kufulia, mabafu, chekechea, maktaba, hata kliniki ya meno.

Kwa kuwa ujenzi ulishalipwa na ushuru, hapakuwa na deni la benki la kumbebesha mpangaji. Alilipia matengenezo na uendeshaji tu, takribani asilimia 4 ya mshahara wake.

Leo jiji lina fleti zipatazo 220,000 za kupangisha, na vyama vya ujenzi ambavyo sheria inavitaka kurudisha faida kwenye nyumba vina karibu idadi kama hiyo. Nusu hivi ya wakazi wa Vienna wanaishi humo, wakiwemo walimu na wauguzi, kwani kikomo cha kipato kimewekwa juu makusudi. Kipato chako kikiongezeka baadaye, hufukuzwi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe: Vienna haikuziuza. Nyumba iliyojengwa kwa mkopo hugharimu sana miaka ya mwanzo, deni linapolipwa. Deni likiisha, kinachobaki ni rangi, mabomba na paa. Kuiuza wakati huo ni kumchinja ng'ombe siku anapoanza kukamuliwa. Berlin ilifanya hivyo. Mwaka 2004 iliuza shirika lake lenye fleti zipatazo 65,000 kwa yuro milioni 405, mbali na madeni aliyoyabeba mnunuzi. Kodi zikapanda, wananchi wakaandamana, na 2021 jiji likatoa zaidi ya yuro bilioni 2 kununua fleti chini ya 15,000 kutoka kwa makampuni.

Vienna nayo ina dosari, na moja ni nzito: wageni wengi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya walifungiwa milango ya nyumba za jiji hadi 2006. Pia iliacha kujenga nyumba zake yenyewe kuanzia 2004, ikaja kufungua jengo jipya 2019, watu wakiwa wameshaongezeka.

Kinachotuhusu zaidi huku kwetu ni ardhi. Tangu 1984 Vienna ina mfuko unaonunua ardhi mapema, kabla bei haijaruka. Tangu 2019, eneo kubwa likibadilishiwa matumizi kuwa la makazi, theluthi mbili yake kwa kawaida lazima iwe ya nyumba za bei nafuu. Kenya imeanza upande wa fedha: sheria ya 2024 ya nyumba za bei nafuu inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Lakini nyumba nyingi za mpango ule zinalengwa kununuliwa kwa awamu, wakati Nairobi ina mitaa ya zamani ya kupangisha, kama Kaloleni na Jericho, inayosubiri matengenezo.

Kwetu Tanzania, halmashauri hupima viwanja na kuviuza kwa watu binafsi, kama Wizara ya Ardhi ilivyofanya kwenye mradi wa viwanja 20,000 Dar es Salaam. Diwani wako akileta taarifa ya upimaji kwenye mkutano, muulize: kati ya viwanja hivyo, vingapi vitabaki na hati kwa jina la halmashauri, na vingapi kati yake vitajengwa nyumba za kupangisha?