Kidaftari cha Jumapili: mema madogo ya maisha ya chuo

Semista ikifika katikati, kuna kauli naanza kuisikia ofisini kwangu: "Mwalimu, sina tatizo kubwa, ila hakuna kinachonifurahisha." Mimi ni mshauri nasaha wa wanachuo hapa Mbeya, na wengi wanaonijia na kauli hiyo hawaumwi. Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, limeingia, alama za test si mbaya, nyumbani kuna amani. Ila siku zimekosa ladha: kipindi, maktaba, geto (chumba cha kupanga), kulala, kesho tena vilevile. Hao nawapa zoezi la kushukuru kwa kuandika.

Mara nyingi kinachowapata ni mazoea. Mtu akitoka Mtwara au Dar, wiki zake za kwanza hapa hupiga picha kila kitu: ukungu unaoteremka mlima Loleza, viazi vilivyorundikwa pembeni ya barabara Uyole, hata mvuke wa pumzi yake mwenyewe asubuhi. Semista ya pili ukimuuliza habari za Mbeya, atakujibu "baridi tu". Mlima haujahama. Akili ya binadamu hupunguza uzito wa kitu chochote kinachojirudia, kiwe kizuri au kibaya, na wanasaikolojia Philip Brickman na Donald Campbell waliliandika hilo mwaka 1971. Ndiyo maana hata furaha ya kuchaguliwa chuo, ile iliyofanya ukoo mzima upigiane simu, huwa imepoa kabla ya Krismasi.

Juu ya mazoea kuna jambo la pili. Roy Baumeister na wenzake walipopitia tafiti nyingi mwaka 2001, walikuta kwamba baya hutugusa kwa nguvu kuliko jema la ukubwa uleule. Wanachuo wanalijua hili bila kusoma makala yoyote: umefaulu masomo matano, una sapu moja (mtihani wa kurudia), na likizo nzima unawaza sapu.

Sasa, shukrani inaingia wapi? Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio waliyofanya Marekani. Katika mojawapo, wanafunzi wa chuo waligawanywa makundi matatu. Kwa wiki kumi, kundi moja liliandika kila wiki hadi mambo matano ya kushukuru, la pili mambo yaliyowakera, la tatu matukio ya kawaida tu. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi, waliitazamia wiki iliyofuata kwa matumaini zaidi, na hata mazoezi ya mwili walifanya zaidi ya wale wa kundi la kero. Hawakuongezewa hela wala kupunguziwa mitihani. Walichobadilishiwa ni mahali pa kutazama.

Basi nikiwapa wanachuo wangu zoezi hili, nawaambia watafute kidaftari cha bei ndogo na wakae nacho Jumapili jioni. Mara moja kwa wiki inatosha. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliwahi kulinganisha watu wanaohesabu baraka zao mara moja kwa wiki na wanaohesabu mara tatu, na nafuu ikaonekana kwa wale wa mara moja. Tafsiri yao, ambayo naiona kweli hapa kwetu pia, ni kwamba shukrani yenyewe nayo huzoeleka. Ukiandika kila siku, siku ya nne unajaza karatasi tu.

La muhimu zaidi ni kuandika kwa undani, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu anaandika "namshukuru Mungu kwa uhai na afya". Ni kweli, na ni sala njema, nami naisali. Lakini kwa zoezi hili ni pana mno, akili haipati pa kushika. Andika kilichotokea, mahali, na aliyehusika. Parachichi la Rungwe lililoiva sawasawa, ukalila na chumvi kwenye ugali wa mchana. Konda wa Mwanjelwa aliyekuachia nauli iliyopungua bila kukuaibisha mbele za abiria. Ndoo ya maji ya moto mwezi wa saba, wakati joto la alfajiri limeshuka chini ya nyuzi 10 na bomba la hosteli linang'ata vidole. Mama ntilie aliyekuongezea maharage kabla hujaomba. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba Jumanne mvua ilisubiri akafika darasani ndipo ikamwagika. Naipenda sana hiyo, kwa sababu kuiona ilibidi awe ametazama juu.

Kutazama huko ndiko dawa. Wiki inayofuata mtu anaanza kukusanya kabla Jumapili haijafika. Anakunywa chai yake ya saa nne akiwa ameweka simu chini, anasikia tangawizi, kwa sababu anajua ataiandika.

Kisha kuna hatua ambayo mimi naiona ina nguvu kuliko kidaftari chenyewe: kumwambia mhusika. Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwaomba watu waandike barua za shukrani. Waandishi walidhani wapokeaji wangeona haya zaidi kuliko ilivyokuwa kweli, na hawakutegemea furaha kubwa kiasi kile. Hapa nyanda za juu tunafundishwa tangu utotoni kuwashukuru wazee, ila mlinzi wa geti, dada wa maktaba na mwenzako wa chumba tunawapita na "poa" tu. Binti mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie bila jina, alimwandikia mwenzake wa chumba ujumbe mfupi: kwamba hajasahau alivyomkorogea uji na kumwandikia notsi wiki nzima aliyougua malaria. Walikuwa wameishi pamoja mwaka mzima na jambo hilo halijawahi kutajwa. Mwenzake alimjibu kwamba wiki hiyohiyo alikuwa akijiuliza kama kuna mtu pale chuoni anayemjali.

Naomba nisieleweke vibaya. Bumu likichelewa, nenda kwa afisa mikopo, nenda serikali ya wanafunzi, udai haki yako. Hakuna kidaftari kinacholipa kodi ya geto. Na nakataa kabisa mtu anayelia aambiwe "shukuru, wenzako hawana hata hicho". Hiyo ni kumnyamazisha. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi ana huzuni isiyoondoka, halali usingizi, hali chakula, au wakati wowote akiwaza kufa, usimpe zoezi la shukrani. Mpeleke kwa mshauri wa chuo au hospitali siku hiyohiyo, na ukae naye kwenye benchi.

Wengi wananiuliza kuhusu kipindi cha UE, mitihani ya mwisho wa semista, maana muda hakuna. Andika mstari mmoja tu, na ikiwezekana uwe kuhusu mtu wa kwenye diskasheni yenu: yule aliyerudia swali lilelile mara tatu hadi ukaelewa. Kesho yake mkikutana mlangoni mwa chumba cha mtihani, mwambie.