Yeremia 29:11, Ayubu, na mambo ya Agano la Kale tunayoyabeba juu juu

Naanza na dhana iliyoenea kuliko zote, kwamba Yeremia 29:11, ule mstari wa "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya", ni ahadi ya mambo yako kunyooka karibuni. Tunaiweka stetasi, tunaiandika kwenye kadi za mahafali, mtu akisubiri majibu ya kazi anatumiwa hiyo hiyo.

Ukweli ni kwamba ule mstari umetoka kwenye barua, na barua yenyewe walitumiwa watu waliohamishwa kwa nguvu. Mwaka 597 KK Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alimchukua Yekonia mfalme wa Yuda na mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi, akawapeleka Babeli, na nabii Yeremia aliyebaki Yerusalemu akawaandikia. Kabla hujafika mstari wa 11 soma kwanza wa 10, pale pameandikwa kwanza itimie miaka 70 ya Babeli! Yaani wazee waliosomewa ile barua wengi wao wangezikwa hukohuko ugenini.

Na rudi nyuma kidogo sura ya 28, maana hapo ndo moto ulipo. Nabii Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani na umati anasema ni miaka miwili tu, mfalme na vyombo vya hekalu vyote vitarudi, Yeremia anamjibu amina, Bwana na afanye hivyo, lakini hakubali kwamba ndivyo itakavyokuwa, Hanania anaivua nira ya mti ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kuwa chini ya Babeli, anaivunja watu wote wakiona. Jiulize siku ile ungempigia makofi nani. Kumbe Hanania ndo alikuwa anadanganya, na mwaka uleule akafa. Kwa hiyo barua ikawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni watoto, na uombeeni amani mji ule, mji wa watu waliowateka jamani. Tumaini lilikuwepo, na Koreshi mfalme wa Uajemi alipoiteka Babeli mwaka 539 KK njia ya kurudi ikafunguka kweli, ila walitakiwa waishi kwanza, tena waishi vizuri. Kwangu mimi hiyo inampa nguvu aliyekwama miaka mingi kuliko kuambiwa kesho kesho kila siku.

Dhana nyingine, Ayubu alivumilia kimya. Hapana. "Bwana alitoa na Bwana ametwaa" ya misibani iko sura ya 1, kitabu kina sura 42, na kuanzia ya 3 Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, anadai kesi yake isikilizwe na Mungu mwenyewe. Rafiki zake walifanya vizuri zile siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno, wakaharibu walipofungua mdomo kumwambia lazima kuna dhambi umefanya. Mwishoni Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wa rafiki hao, kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Kwa hiyo tafadhali, aliyefiwa akilia na kumuuliza Mungu maswali asikemewe kwamba hana imani, mwacheni aulize, hata Zaburi ya 88 inaishia gizani na bado ni sala.

Wapo pia wanaosema maandiko haya yalishabadilishwa kabisa. Gombo la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 limezidi umri kwa karibu miaka elfu moja nakala za Kiebrania zilizokuwa zinategemewa, lina sura zote 66, na tofauti zipo ndio, nyingi ni za tahajia, lakini kitabu ni kilekile.

La mwisho, eti Agano la Kale ni hasira tupu na upendo umekuja baadaye. "Mpende jirani yako kama nafsi yako" iko Walawi 19:18, na mistari michache juu yake mwenye shamba anakatazwa kuvuna mpaka pembeni na kuokota masazo, aachie maskini na mgeni. Sheria hiyo ndiyo Ruthu aliyoishi nayo, mjane, tena Mmoabu, akaokota masuke shambani kwa Boazi, na Boazi akawaambia vijana wake wamwangushie mengine makusudi wala wasimkemee, jioni akapura akapata kama efa moja (kipimo cha nafaka cha zamani) ya shayiri akampelekea mkwewe Naomi.