DNA: namna inavyojinakili na kuelekeza utengenezaji wa protini

Mkulima wa Makutupora au Hombolo anapotaka kupanua shamba lake la zabibu hapandi mbegu. Hukata pingili katika mzabibu uliokwisha kuthibitika kwamba unazaa vizuri, akazichomeka udongoni, na miche inayoota humpa zabibu zenye rangi ile ile na ladha ile ile. Hilo linawezekana kwa sababu seli za pingili hubeba DNA ya mzabibu mama, na kila seli mpya inayotokea hupewa nakala yake. Wengi wetu tumelisikia neno DNA, au vinasaba, katika mashauri ya kumtambua baba wa mtoto, lakini kazi yake ya kila siku ni hii ya shambani na miilini mwetu.

DNA ni molekuli ndefu mno, mfano wa ngazi ya kamba iliyosokotwa. Kamba zake mbili ni nyuzi za sukari na fosfati, na kila kipandio ni jozi ya besi. Besi ni za aina nne, yaani adenini, thaimini, guanini na sitosini, nazo huandikwa kwa herufi A, T, G na C. A hushikana na T, na G hushikana na C. Umbo hili lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, ambao walitegemea sana picha za eksirei kutoka katika kazi ya Rosalind Franklin, mwanasayansi anayetajwa mara chache kuliko anavyostahili.

Kanuni hiyo ya kushikana ndiyo siri ya kunakili. Kabla seli haijagawanyika, kimeng'enya (kichocheo cha kazi za kikemikali katika seli) kiitwacho helikesi huzitenganisha nyuzi mbili, kisha vimeng'enya vya DNA polimeresi huupitia kila uzi na kuweka mkabala wa kila herufi mwenzake anayestahili. Penye A huwekwa T, penye G huwekwa C. Mwishowe zinapatikana ngazi mbili zinazofanana, kila moja ikiwa na uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya, jambo ambalo Matthew Meselson na Franklin Stahl walilithibitisha mwaka 1958 kwa kutumia bakteria waliolishwa naitrojeni nzito. Polimeresi hujisahihisha yenyewe, ikiondoa herufi isiyofaa kabla ya kuendelea, na ndiyo maana makosa yanayosalia ni machache sana.

Hata hivyo DNA haitengenezi protini kwa mikono yake. Hubaki ndani ya kiini cha seli, na kipande chake kinachohitajika, yaani jeni, hunakiliwa katika RNA mjumbe, molekuli inayofanana na DNA, ambayo hutumia urasili (U) badala ya T. RNA hiyo hutoka nje ya kiini na kufika kwenye ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, ambayo huisoma herufi tatu tatu. Mafungu ya herufi tatu yanayowezekana ni 64: mafungu 61 hutaja asidi amino fulani, yaani tofali mojawapo la kujengea protini, na 3 huamuru kazi isimame. Asidi amino zinazotajwa ni 20, kwa hiyo nyingi kati yake huitwa kwa zaidi ya fungu moja. RNA nyingine, ile ya uchukuzi, huleta asidi amino inayotakiwa, ribosomu huziunga moja baada ya nyingine, na mnyororo unaopatikana hujikunja kuwa protini yenye umbo na kazi yake.

Ni kosa, basi, kudhani kwamba rangi ya zabibu imehifadhiwa ndani ya DNA. Wekundu hutokana na rangi ziitwazo anthosiani, ambazo hutengenezwa na vimeng'enya kwenye ganda la tunda, navyo vimeng'enya hivyo ni protini. Ipo pia protini nyingine ambayo kazi yake ni kuwasha jeni za kutengeneza rangi hiyo. Katika zabibu nyeupe karibu zote, kipande cha ziada cha DNA kilijipachika karibu na mwanzo wa jeni ya protini hiyo, hata jeni isisomwe ipasavyo, na ganda likakosa wekundu. Mkulima anayekata pingili ya mzabibu mweupe huchukua kipande hicho pamoja nayo, na polimeresi hukinakili kwa uaminifu ule ule katika kila seli ya mche.