Mbwa mdogo anakataa dawa: maswali na majibu

Majibu haya ni ya wenye mbwa wa umbo dogo, kuanzia kilo 2 hadi 8 hivi: Maltese, Chihuahua, Japanese Spitz, Pug, Shih Tzu, na chotara wao waliojaa mitaani kwetu. Mbwa mkubwa humeza kidonge pamoja na tonge bila kujua. Huyu mdogo ana mdomo finyu, hula kwa kuchagua, na kosa la robo kidonge kwake ni kosa kubwa.

Anakula kila kitu, ila kidonge anakitema. Anakijuaje?

Kwa pua. Ulimi wa mbwa una vihisi ladha kama 1,700 tu, wa binadamu una takriban 9,000. Uchungu anauhisi, lakini kinachomshtua kwanza ni harufu. Mara nyingi harufu yenyewe iko juu ya chambo, kwa sababu mtu ameshika kidonge, kisha kwa vidole vilevile akafinyanga nyama. Tenga mikono: mmoja wa dawa, mwingine wa chakula. Tonge litobolewe kabla kidonge hakijatolewa kwenye pakiti.

Sababu ya pili ni ukubwa. Vidonge vingi vimetengenezwa kwa ajili ya binadamu au mbwa wa kilo 10 na zaidi. Tonge la kukificha linakuwa kubwa kuliko mdomo wa Chihuahua, naye analazimika kutafuna, na akitafuna tu anakutana na dawa. Kama dawa inaruhusu kukatwa, vipande viwili katika matonge mawili hupita kwa urahisi zaidi kuliko kidonge kizima.

Kwa nini nisiiponde nikachanganya kwenye bakuli lake?

Kwa sababu akiacha robo ya chakula hutajua ameacha kiasi gani cha dawa. Baya zaidi, mbwa aliyeonja uchungu kwenye bakuli lake huanza kulikwepa bakuli lenyewe, na mgonjwa wa kilo 3 asiyekula ni tatizo jipya. Dawa iingie katika tonge moja dogo, kabla ya mlo, akiwa na njaa. Mlo wenyewe ufuate baadaye.

Usimnyime chakula siku nzima ili alegee. Watoto wa mbwa wa jamii hizi, na hata wakubwa wenye kilo 2, sukari yao ya damu huweza kushuka kwa saa chache tu za kukaa na njaa, wakaanza kulegea, kuyumba na hata kupata degedege.

Chambo kipi kinafaa?

Ini lililochemshwa ndilo linaloshinda vyote, kwa sababu harufu yake ni kali na linafinyangika. Baada yake weka dagaa waliolowekwa na kupondwa, kiini cha mkate laini kilichochovywa kwenye mchuzi wa nyama usio na kitunguu wala chumvi, kiazi kitamu kilichochemshwa, au ndizi mbivu. Tonge lisizidi ukubwa wa karanga moja.

Siagi ya karanga hufaa kwa kidonge kidogo, lakini soma lebo kwanza. Ikiwa na sukari bandia ya zailitoli, ambayo kwenye lebo huandikwa xylitol au E967, irudishe kabatini. Kwa mbwa ni sumu: hushusha sukari ya damu ghafla na huweza kuharibu ini. Vitunguu vya aina zote, zabibu na chokoleti navyo visitumike. Mafuta mengi pia yaepukwe, kwani kongosho la mbwa wadogo huvimba upesi.

Maziwa, mtindi na jibini vina tatizo lake. Kalisi (kalsiamu) iliyomo hushikamana na baadhi ya antibayotiki, hasa doksisaiklini na enrofloksasini, na sehemu ya dozi hupita tumboni bila kufyonzwa. Na doksisaiklini ndiyo dawa ambayo mbwa wengi wa huku huandikiwa kwa homa za kupe, mara nyingi kwa siku 28. Mwezi mzima wa dawa iliyofichwa kwenye jibini unaweza kumwacha mbwa na ugonjwa wake.

Matonge matatu hutolewaje?

Andaa matonge matatu yanayofanana, la pili tu ndilo lenye dawa. Mpe la kwanza alimeze. La tatu lishike mkononi alione na alinuse wakati unampa la pili. Akiwa na papara ya kufikia la tatu, humeza la pili bila kulichunguza. Usisite katikati wala usibadilishe sauti. Mbwa wadogo wanaoishi ndani hutusoma vizuri sana, na ile namna ya kunyemelea na kuita kwa sauti tamu isiyo ya kawaida ndiyo inayowakimbiza chini ya kochi.

Hata siku ambazo hana dawa, mpe matonge matatu matupu.

Amekataa chambo chote. Nimwekee mdomoni vipi?

Mweke juu ya meza, akanyage taulo asiteleze, mgongo wake ukielekea tumboni kwako ili asirudi nyuma. Akipigana kwa miguu, mviringishe taulo mwili mzima, kichwa kibaki nje. Usimshike kwa kuvuta ngozi ya shingo. Pug, Shih Tzu na Pekingese wana macho yaliyotokeza, na ngozi ya kichwa ikivutwa kwa nguvu jicho linaweza kuchomoka. Wadogo wengine wana koo dhaifu linalobonyea ukiwabana shingo.

1. Paka kidonge samli kidogo iliyoganda, ili kiteleze na uchungu ufunikwe.
2. Kwa mkono wa kushoto shika taya la juu kutoka juu, gumba upande mmoja na vidole upande mwingine, nyuma ya meno ya chonge. Inua pua kidogo. Taya la chini litaanza kulegea lenyewe.
3. Kidonge kiwe kati ya gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kwa kidole cha kati bonyeza meno madogo ya mbele ya taya la chini.
4. Dondosha kidonge katikati ya ulimi, nyuma kabisa, pale unapoinuka. Kikianguka pembeni au mbele, atakirudisha.
5. Funga mdomo na ushushe pua iwe sawa na mgongo. Wengi huendelea kuinua kichwa hapa, na kumeza kunakuwa kugumu.
6. Sugua koo taratibu. Akilamba pua, kwa kawaida amemeza.
7. Mfuatishie tonge tupu, au maji mililita 3 hadi 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Hatua ya 7 wengi huiruka, nayo si ya hiari. Kidonge kikavu huweza kukwama kwenye umio, na doksisaiklini ikikwama pale huunguza. Siku chache baadaye mbwa anashindwa kumeza hata chakula.

Wenye pua bapa hawana pa kushikwa taya la juu. Kwao omba dawa ya maji tangu mwanzo.

Dawa ya maji nayo hunyweshwaje?

Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 1 au 2. Kijiko kiache: vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, na nusu ya dawa itaishia kwenye manyoya. Tikisa chupa hadi unga wa chini uchanganyike, vinginevyo siku za mwanzo anakunywa maji na za mwisho anakunywa dawa iliyokolea.

Kichwa kiwe sawa, kisielekee juu. Ingiza ncha pembeni, kati ya shavu na meno, nyuma ya chonge, ukielekeza ulimini na si moja kwa moja kooni. Sukuma nusu mililita, ngoja ameze, kisha sukuma tena. Ukimimina yote kwa mkupuo, kichwa kikiwa juu, anapaliwa, na dawa ikifika mapafuni huleta nimonia. Akikohoa, acha mara moja umwache ainamishe kichwa. Asiyeweza kusimama au aliye nusu fahamu asinyweshwe kitu chochote.

Anatoa povu jingi baada ya dawa. Ni sumu?

Mara nyingi ni uchungu tu. Metronidazoli, ile ambayo wengi huiita Flagyl, na prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, ndizo zinazoongoza kwa hili, hasa zikikatwa, maana ganda la nje limeshavunjika. Povu hukoma ndani ya dakika chache. Mpe maji na tonge. Siku nyingine kitie kipande ndani ya kapsuli tupu ndogo ya jelatini, ukiuliza kwenye duka la dawa. Lakini povu likiambatana na uso kuvimba, kupumua kwa shida, kutetemeka au kuanguka, mwahi daktari.

Naweza kukata kidonge au kufungua kapsuli?

Kidonge chenye mstari katikati kwa kawaida hukatika salama. Chenye ganda la kukilinda dhidi ya asidi ya tumbo, au kilichotengenezwa kutoa dawa polepole, kisikatwe wala kupondwa; muuza dawa atakuambia. Kapsuli ya doksisaiklini isifunguliwe: unga wake ni mchungu na huchoma.

Pia kuna hesabu. Kapsuli ya doksisaiklini ya miligramu 100 ni kipimo cha mbwa wa kilo 10, kwa dozi ya kawaida ya miligramu 10 kwa kila kilo. Wa kilo 3 anahitaji 30. Hakuna jicho linalogawa unga hivyo sawasawa kwa siku 28. Omba dawa ya maji au vidonge vidogo.

Uzito usikadiriwe. Mizani ya bafuni inayokosea nusu kilo si neno kwa mtu, ila kwa mbwa wa kilo 3 ni sehemu ya sita ya mwili wake. Mweke kwenye mfuko imara, kichwa nje, umpime kwa mizani ya kuning'iniza mizigo.

Nyumbani kuna Panadol, na jirani ana sindano ya minyoo ya ng'ombe. Vinasaidia?

Hapana kwa vyote viwili. Parasetamoli (ndiyo Panadol), aibuprofeni na diklofenaki zisitolewe bila daktari wa mifugo; mbili za mwisho hutoboa tumbo na kuua figo za mbwa kwa dozi ambayo mtu mzima hashtuki nayo.

Sindano hiyo ya ng'ombe mara nyingi ni ivermektini, na kwa kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita, na mililita moja ni ya kilo 50 za ng'ombe. Kwa kipimo hichohicho, mbwa wa kilo 3 angepata mililita 0.06, yaani tone. Bomba la mililita 2 haliwezi kupima hivyo. Matokeo yake ni mbwa anayeyumba, anayetetemeka, aliyepofuka, au asiyeamka.

Amekuwa akiuma ninapomkaribia. Niendelee?

Akinguruma na kukakamaza mwili, simama. Kumlazimisha leo kunaharibu dozi zote zilizobaki. Rudi kwenye chambo, au umpigie daktari.

Hapa kuna jambo moja zito. Mbwa ambaye hajachanjwa, au ambaye chanjo yake imepitwa, akibadilika tabia ghafla, sauti ikabadilika, mate yakamtiririka na akawa kama ana mfupa kooni asiweze kumeza, usiweke mkono mdomoni mwake. Kichaa cha mbwa huanza hivyo, na watu wameambukizwa wakidhani wanautafuta mfupa. Mfungie peke yake umwite daktari wa mifugo. Ukiumwa, au mate yakigusa jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona.

Ametapika, au nimesahau dozi. Nirudie?

Akitapika ndani ya nusu saa, angalia matapishi. Kidonge kizima kikionekana, mpigie daktari uulize kama utoe kingine. Kisipoonekana, usirudie kwa kukisia. Ukisahau, mpe unapokumbuka, isipokuwa dozi inayofuata imekaribia. Hapo ruka iliyopita. Usimpe mbili kwa pamoja kamwe. Na hata akipata nafuu siku ya tano, dawa za kifafa na prednisoloni ya muda mrefu hazikatizwi ghafla.

Nimejaribu yote, nimeshindwa.

Mwambie daktari siku ya kwanza, usingoje wiki iishe na nusu ya vidonge viko nyuma ya kochi. Njia nyingine zipo: dawa ya maji badala ya kidonge, dozi moja kwa siku badala ya mbili, dawa ya kudondosha kwenye ngozi ya shingo kwa viroboto na kupe, sindano za antibayotiki za kutolewa kliniki, nyingine zikidumu mwilini siku 14 hivi. Mara nyingine mbwa anakataa kwa sababu ana kichefuchefu au jino bovu, na hicho ndicho kinachotakiwa kutibiwa kwanza. Unapopiga simu uwe na uzito wake, jina la dawa na miligramu zake, na saa ya dozi ya mwisho ambayo una hakika iliingia.